Kava la Simu na Kibuyu cha Mama

Siku ile ya kupiga alizeti tutoe mbegu, mwanangu, hainitoki kichwani hadi leo.

Nilikuwa kijana, nimetoka kununua simu ya kioo kikubwa, mgongo wake wa bluu unang'aa. Muuzaji aliivisha kava. Nikalivua njiani kabla sijafika kwetu Mtinko, kwa sababu lilificha rangi niliyoipenda.

Bibi yako, mama yangu mzazi, aliitazama akacheka. Alikuwa na kibuyu cha maziwa alichokishonea ngozi ya ng'ombe kuanzia shingoni hadi kitako.

"Kibuyu changu kimevaa, hilo lisimu lako linatembea uchi?"

"Mama, makava ni ya simu za wazee."

"Haya, kijana. Likianguka uniite nije nilishone."

Mwaka huohuo aliugua. Wewe ulikuwa bado tumboni. Jioni moja aliniambia niwashe simu nimrekodi. Akazungumza nawe kwa Kinyaturu, lugha yetu, taratibu, akipumzika kila mara. Akakupa jina lako, akakuimbia wimbo, akakuombea. Tulimzika kabla hujazaliwa.

Nilikuwa nakusubiri ukue kidogo nikusikilizishe. Basi, msimu wa alizeti, simu ikiwa mfukoni mwa shati, niliinama kukusanya vichwa vilivyokwisha kupigwa. Ikachomoka, ikatua kwa kona juu ya jiwe. Haikuwaka tena.

Fundi wa Singida mjini aliifungua, akaitazama muda mrefu.

"Kioo ninacho, kaka. Lakini bodi imepasuka. Vya humo ndani, sahau."

"Kuna sauti ya marehemu mama."

Aliifunga polepole, akanirudishia.

Kibuyu kile unakijua. Kinaning'inia jikoni, kizima. Wimbo wako nimeusahau karibu wote.

Kwa hiyo nilipokuona jana umevua kava la simu yako mpya, sikutaka kukugombeza, nilitaka ujue tu. Kava linalofaa lina ukingo uliopanda kidogo kuliko kioo, ili simu ikianguka kifudifudi ukingo uguse chini kwanza. Kona zake ziwe nene na laini, maana kona ndizo hupigwa sana. Livue mara kwa mara ufute vumbi letu hili, kisha ulirudishe. Mchanga ukibaki ndani huikwaruza simu. Ukiwa na kazi ya kuinama, usiiweke mfukoni mwa shati. Na kwa kuwa kava halizuii kila kitu, sauti ya mtu unayempenda usiiache kwenye simu moja. Mtumie na ndugu yako aitunze. Si kazi kubwa, utaizoea.

Jina alilokupa bibi yako unalo, hilo halikuvunjika. Mungu akulinde nalo, akupe mikono ya kutunza, na wanao waje waisikie sauti yangu siku ambayo sitaweza tena kuwaita.