Ufunguo wa Kahawa

Siku ya kumi na tisa bila pombe, Britta Halvorsen alikabidhiwa ufunguo wa ukumbi wa chini ya kanisa, mjini Duluth, Marekani, wanapokutana walevi walioacha. Nusura aurudishe palepale.

"Mzee Thorvald, mimi wa kupewa ufunguo? Wenzangu wana miaka!"

"Ndiyo maana, binti. Hapa kahawa hupikwa na mwenye siku chache kuliko wote. Ikiwa mbaya tutarudia ulevi, na dhambi itakuwa yako."

Watu wakacheka. Britta hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na hata mlio wa glasi mezani ulimtia jasho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Januari ile walimkuta amezimia ndani ya gari lake, theluji imefunika vioo. Vidole viwili vya mguu, vilivyoganda kwa baridi, vilikatwa. Daktari akamwambia wazi kwamba safari nyingine wataokota maiti. Alimwamini. Na bado aliitaka pombe, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kufa.

Jumamosi mkutano ulikuwa saa sita mchana, kahawa iwe tayari mapema. Saa sita kasoro robo Britta alikuwa dukani, ameshika chupa ya vodka. Miguu haikumpeleka yenyewe, tusidanganyane. Aliendesha gari, akaliegesha vizuri. Alipotia mkono mfukoni kutafuta pesa ukatoka ufunguo, na kibao chake kilichoandikwa neno moja: KAHAWA.

"Unalipa au unaniangalia?" akauliza muuzaji.

Aliogopa kuichukua, aliogopa kuiacha. Akaiacha. Akashindwa mara tatu kuwasha gari.

Alifika amechelewa dakika ishirini. Upepo wa ziwani ulikata masikio, na watu wanane walikuwa wamejikunyata mlangoni wakipigapiga miguu.

"Karibu, malkia!" akasema Lorraine, mama mwenye ulimi mkali. "Nimeshachagua na jeneza langu."

"Nilishika chupa," Britta akasema, machozi yakimtoka. "Sikunywa, lakini niliishika. Naiogopa kesho, mama."

Lorraine akamtazama, ukali ukamtoka. "Sote tunaiogopa. Fungua mlango, tukaogopee ndani."

Britta akautoa ufunguo mfukoni. Ufunguo ukamponyoka, ukazama kwenye theluji. Bila kufikiri, Mzee Thorvald akatoa ufunguo mfukoni mwake, kisha akaurudisha haraka kama aliyefumwa akiiba. Britta aliuona, wenye kibao kilekile, maandishi yamefifia.

"Mzee, unao?"

"Tunao sote," akasema Lorraine. "Kila mmoja alipikishwa kahawa."

"Sasa mbona mmesimama nje na baridi hii?"

"Zamu ni yako, binti," akasema mzee. "Tafuta."

Britta akapiga magoti, akachimba theluji kwa mikono mitupu huku analia. Watu wanane, funguo nane, na hakuna aliyegusa mlango, mpaka kidole chake kikagusa kile kibao cha ufunguo.