Mwalimu wa Kaskazini na Mkwewe

Wasomaji wangu, mwalimu wa kaskazini hatunaye tena. Habari nimeipata kwa simu, nikiwa nimefungiwa ndani kwa ajili ya korona hapa Parramatta, Sydney, kama ninyi nyote, na aliyenipigia hakumtaja jina. Kwao, wenyeji wa asili wa nchi hii, mtu akifariki jina lake hupumzishwa kwanza. Basi nami silitaji. Mipaka imefungwa, mazishini siendi, na roho inaniuma kweli.

Alikuja Sydney kabla ya korona, kwenye kozi ya walimu wanaoandaliwa kuwa wakuu wa shule katika jamii zao. Mimi ni mkufunzi msaidizi hapo. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu ni wapi na mama yangu ni wa ukoo gani, halafu akakata shauri: "Basi wewe ni mdogo wangu." Tangu hapo nikawa namwita dada. Shuleni kwao alikuwa amefundisha miaka mingi, akiwaona wakuu wageni wakija na kuondoka kabla hawajayajua majina ya watoto. Alikitaka kiti kile, wala hakuficha. "Nimechoka kuwakaribisha," aliniambia, tukacheka.

Kikaja kipimo cha mwisho. Kila mmoja aeleze atakavyomwita ofisini mwalimu aliyezembea, afunge mlango, amkosoe uso kwa uso. Dada akasema, "Mmoja wa walimu wetu ni mume wa binti yangu. Siwezi kukaa naye chumba kimoja. Maneno yangu atayapata kwa mkewe." Mkufunzi mkuu akatabasamu kwa huruma, akaamua kwamba bado hajiamini. Hajiamini! Mwanamke aliyenyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu! Mimi nilimwelewa pale pale, maana kwetu bara babu yangu akimwona mama mkwe wake njiani alichepuka kichakani. Nikamweleza mkubwa wangu kwamba hiyo ni heshima, si woga. "Tutalitazama," akanijibu. Dada akaambiwa arudie mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata ukaja na korona. Jamii za kaskazini zikafungwa ili ugonjwa usiwafikie wazee, kozi ikahamia kwenye video, na kwao intaneti ni ya kubahatisha. Uso wake ulikuwa ukiganda katikati ya sentensi. Kipimo kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, shule ikaletewa mkuu mwingine mgeni. Na sasa moyo wake umesimama ghafla, hata kuugua hakuugua.

Aliyenipigia simu ni mkwewe yule yule. Maisha yao yote hawakuwahi kuzungumza. "Kila Ijumaa mke wangu aliniletea maneno yake," alisema. "Hapa umefundisha vizuri, pale umewaacha watoto nyuma. Nami nilijirekebisha." Kisha akaongeza: "Huyu mgeni aliniita ofisini, akafunga mlango. Sikumbuki hata alisema nini."

Ndugu zangu, wengi wetu tuliohamia hapa tumepimwa na watu wasiotujua, tukaambiwa bado. Mnajua inavyochoma. Anayetaka kujua kama mtu anaweza kuongoza, akawaulize kwanza wanaoongozwa naye. Sisi huku Parramatta tulikuwa tukingoja dada aive. Kule kwao, mkwewe alikuwa akimtii kila Ijumaa.