Gari la Spoti na Mbuzi Saba wa Mke Wangu

Nilijiunga na chama cha wenye magari ya spoti cha Lodwar kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kuwa mwenye gari la spoti.

Gari lenyewe nililipata Lokichar. Mkandarasi mmoja wa mambo ya mafuta alikuwa amerudi kwao akaliacha kwa mchuuzi wa mifugo, na mchuuzi akaniachia mimi kwa mbuzi kumi na wanane. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, na nyuma kulikuwa na kitu cha kukalia ambacho hata mwanambuzi angekilalamikia. Tumbo lake lilikuwa shubiri moja kutoka ardhini. Nilipima kwa mkono wa kulia, nikapima tena kwa wa kushoto. Shubiri moja. Mimi niliyeuza betri, maturubai na punda katika mji huu, mimi nisiyenunua kiberiti bila kuhesabu njiti, nililichukua kwa kuwa linang'aa.

Katika wale kumi na wanane, kumi na mmoja walikuwa wangu. Saba walikuwa wa mke wangu, na walikuwa na kazi yao: mdogo wake alikuwa anaoa katika kijiji cha Lopur, karibu na Kakuma, na hao saba walikuwa ndani ya mahari.

"Hii inaitwa nini?" mke wangu aliuliza, akilizunguka.

"Gari la spoti. La michezo."

"Basi umechezwa, baba watoto." Aliligonga boneti kama mtu anayepima tikiti maji. "Mimi sina neno na gari. Lakini mwisho wa mwezi ndugu yangu anapeleka mifugo. Mbuzi yangu saba ikikosa siku hiyo, nitasimama mbele ya wazee niseme mume wangu aliikalia akiiendesha."

Nilijua atasema. Kwa hiyo nilihitaji mnunuzi mwenye mbuzi, na haraka. Lakini nani katika Turkana nzima atanunua gari lisiloweza kuvuka mchanga? Ni yule tu ambaye ameshanunua lingine.

Chama kilikutana Jumamosi katika ua wa hoteli moja. Kilikuwa na magari saba. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza niliona manne. Matatu yalikuwa chini ya maturubai, na hayo ndiyo yaliyosifiwa zaidi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa ofisi, mwenye kitambi kilichofika kwenye usukani kabla yake. Gari lake lilikuwa limeletwa kutoka Kitale juu ya lori, na jambo hilo alilisimulia kama ushindi. Kumbukumbu za mkutano ziliandikwa kwa Kiingereza. Ajenda ya kwanza ilikuwa stika. Ya pili, rangi ya stika. Nje ya ua akina mama walipanga foleni na mitungi ya maji. Ndani, waheshimiwa waliosha magurudumu ambayo hayakuwa yamekwenda popote.

Nilikuwa nimeanza kutafuta mlango niliposikia ajenda ya tatu. Tungesafiri Kakuma kusajili wanachama wapya wawili: mimi, na mfanyabiashara wa Sudan Kusini ambaye tayari alikuwa na gari jeupe na alikuwa anatafuta jekundu. Ana bucha pale kambi ya wakimbizi, wakasema. Nikakaa chini tena. Bucha maana yake mbuzi.

Tuliondoka magari matatu, yaani yote yaliyokubali kuwaka. Kabla hata hatujatoka mjini tulikuta matuta. Tuta la kwanza lilipandwa hivi: abiria wote washuke, gari ligeuzwe upande, mtu mmoja achutame atazame tumbo, mwenyekiti apige kelele "polepole, polepole!" Kisha abiria wapande, waende hatua chache, washuke tena. Punda aliyebeba makaa alitupita. Alikuwa mzee.

Kwenye tuta la nne mchungaji mmoja alisimama kututazama, fimbo begani.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok-noi. Hii ni gonjwa?"

"Hapana, ni nzima."

"Basi ambia isimame tuione."

Mwenyekiti hakucheka. Alisema watu hawajaelimishwa.

Kakuma mwenye bucha alitupokea mbele ya duka lake. Alikuwa mrefu hivi kwamba alipoketi ndani ya gari langu magoti yalifika masikioni, lakini alitabasamu kama mtu aliyevikwa taji. Tukasogea kando, mimi na yeye. Nilianza na mbuzi ishirini. Alianza na watano. Nilimwonyesha redio, aliniuliza kama redio inakamuliwa. Tukaenda hivyo, tukinyanyuana na kushushana, mpaka tukafika kumi na wawili, niwachague mwenyewe. Ilibaki kupeana mikono tu.

Hapo mwenyekiti akapiga makofi kuita watu. Alikuwa amepanga jambo la utamaduni.

Kila Mturkana analijua. Mwanamume ana dume lake moja la ng'ombe, amelipinda pembe na kulifunga kengele. Hulisifu akicheza, mikono ameiinua kama zile pembe, na watu humwita kwa rangi ya dume lake. Mwenyekiti aliona vyema tufanye vivyo hivyo kwa magari, na simu zote zikawa tayari kupiga picha.

"Mwanachama mpya, sifu dume lako!"

Mtu mwenye akili angekohoa akajifanya mgonjwa. Mimi nikafikiri: sifa ni tangazo la bure. Kumi na wawili huenda wakawa kumi na wanne. Nikainua mikono. Nikasema hakuna tuta lililowahi kulishinda. Nikasema likipita Lokichar ngamia hujificha. Niliruka mpaka vumbi likanifika kiunoni, na waheshimiwa wakaitikia kwa nguvu: "Baba wa Nyekundu! Baba wa Nyekundu!"

Nikamrudia mwenye bucha nikitweta, mkono mbele. Wake ulikuwa mfukoni.

"Ya akhui," akasema polepole, "mimi hapana chukua."

"Vipi, ndugu yangu? Tumeelewana kumi na wawili!"

"Ile saa ilikuwa gari. Sasa ni jina yako. Kwetu pia iko hii. Dume ya jina hapana uza. Mtu akinunua jina ya mtu, huyo ni mwizi."

"Hiki ni chuma! Kimetengenezwa na Wajapani!"

"Umeinua mikono," akasema.

Nikashuka mpaka kumi. Nikashuka mpaka saba. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari. Mwenyekiti, mzaliwa wa huku huku, alikuja kuuliza kama picha zimetoka vizuri.

Wenzangu walirudi Lodwar. Mimi nikabaki, maana siku zilizobaki kabla ya mahari kupelekwa zilikuwa nne, nilizihesabu kwa vidole nikarudia. Nililala kwa jamaa, na asubuhi nikakaa buchani.

"Kwenu dume la jina hutokaje basi?" nikauliza.

"Unampa rafiki. Hutaji kitu. Siku moja wewe unaomba, yeye anakupa."

"Siku moja lini?"

"Ukiuliza lini, hiyo ni duka."

Nikaweka ufunguo juu ya meza ya nyama. Sikutaja idadi, na mdomo uliniuma kama wenye jino bovu. Nikanywa chai yake. Nikanywa ya pili. Ndipo nikasema, "Rafiki, naomba mbuzi."

Akatoka uani, akakawia, akarudi na kamba. Nilihesabu watano. Nikahesabu upya kuanzia mkiani. Watano, mmoja anachechemea. Nikasema asante.

Chama kilipopata habari kiliniondoa kwenye kundi la simu, kwa Kiingereza kizuri sana.

Mke wangu alifika Kakuma siku moja kabla ya sherehe. Hakuhitaji kuhesabu mara mbili.

"Tano."

Nikamweleza yote, hata ya kuinua mikono. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyo sasa ni rafiki ya nyumba yetu?"

"Ndiyo."

"Na rafiki anaombwa mara ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. Aliingia buchani peke yake. Nilimsikia akimwita mwenye bucha shemeji, akimuuliza habari za watoto, akisema gari linampendeza. Alitoka na mbuzi wawili, wanono kuliko wangu watano.

Lopur wazee waliwahesabu saba, nami nikawahesabu nyuma yao. Mke wangu hakusema neno mbele ya mtu yeyote. Alisema tukirudi, kwa miguu, kutoka kwa wakwe mpaka barabara kuu, bila kituo.