Madoa Sita

Mi na Antoinette tunashona nguo kwenye baraza moja hapa kambini Dzaleka, Malawi. Tangu kwetu Bukavu alikuwa akicheka na mkono mdomoni, kwa sababu meno yake yalipandana. Mchumba wake Guelord, aliyeko Kanada, akamlipia daktari wa meno Lilongwe. Alipewa vifuniko vya plastiki angavu vya kunyoosha meno, avivae mchana na usiku, na vinundu vidogo vya rangi ya meno vikagandishwa kwenye meno sita ya mbele ili vifuniko vishike. Daktari alimkataza jambo moja tu: asing'arishe meno mpaka vinundu vitolewe.

Lakini wajomba wa Guelord walikuwa wanakuja kutoa dote, ile mahari, na Guelord mwenyewe angetazama kwenye simu. Antoinette akanunua jeli ya kung'arisha kule soko la Mchesi, akawa anaijaza ndani ya vifuniko. Siku ya dote alicheka mdomo wazi, bamama wakapiga vigelegele.

Mwaka ulipoisha vinundu vikatolewa. Jeli haikuwa imepita chini yake. Meno yamenyooka, ni meupe, na yale sita kila moja lina doa la manjano katikati.

"Iko nini ku meno yako?" Guelord aliuliza kwenye simu. "Siku ya dote haikukuwa hivi. Mulinificha ugonjwa?"

Na yeye meno yake ni ya sigara. Hajapiga simu tena.

Daktari alisema madoa anaweza kuyaondoa taratibu, kwa subira. Antoinette hakurudi kwake. Siku hizi anashona akiwa amebana pini kwa midomo kutwa nzima, hata kwenye pindo lisilohitaji pini.