Mpiga Dramu Akisimama Mbele

Mpiga dramu haonwi. Watu husema wanamsikia, na ni kweli, lakini hata mvua juu ya mabati husikika na hakuna anayeinua kichwa kuiangalia. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa napiga dramu katika bendi ya hoteli moja mjini Nakuru, kila Jumamosi mchana, saa za bugi, ile dansi ya mchana. Mbele yangu walisimama wapiga gitaa na mwimbaji mwenye mabega mapana kama mlango. Migongo yao niliijua kuliko nyuso zao. Siku za wiki nilifanya kazi katika kiwanda cha pareto, na jioni nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Bondeni kupika ugali wa mtu mmoja, ambao hauivi sawasawa hata ufanye nini. Sikuwa na ndugu mjini. Kwetu ni juu, upande wa Molo, na huko walishakata shauri kwamba muziki umenipoteza.

Kulikuwa na mwanamke. Najua, hadithi za wanamuziki hazikosi mwanamke, lakini huyu alikuwepo kweli. Alikuja kila Jumamosi pamoja na wenzake wa kazi, na wenzake walipoinuka kucheza yeye alibaki mezani na soda yake, akiwalindia mikoba. Wanaume walimwendea wamenyoosha mikono, akatikisa kichwa, wakarudi walikotoka wakijifanya walikuwa wanapita tu. Yeye alikuja kusikiliza. Alimkazia macho mwimbaji wetu kama mtu anayengoja kuambiwa jambo, na mwimbaji alipoinua mkono, mimi niliuona uso ule kupitia chini ya kwapa lake. Nilitaka aniangalie mimi hivyo, hata mara moja. Usiku nikilala nilijiambia kwamba sitaki zaidi ya hapo, na bila shaka nilikuwa najidanganya.

Karibu na soko kulikuwa na duka la santuri la mzee mmoja Mhindi. Alinivumilia ingawa niliingia kusikiliza kuliko kununua, pengine kwa sababu alipenda kubishana. Siku moja nikaona pale kwenye rafu sura ninayoijua. Alikuwa mpiga dramu wa kundi moja la ng'ambo lililosikika dunia nzima. Nusu ya mapigo yangu nilikuwa nimeyaiba kwake. Kundi lao lilikuwa limevunjika, kila mtu akashika njia yake. Kwenye jalada alisimama peke yake, hana dramu, hana fimbo, mikono imening'inia tu.

"Huyu si ni yule wa dramu?" nikauliza.

"Ndiyo. Sasa yeye naimba. Santuri nzima."

"Anaimba vizuri?"

Mzee akainua mabega. "Hiyo nakaa hapo tangu mvua. Watu nataka wale wengine. Chukua, mimi napunguza."

Niliichukua kwa ajili ya ile mikono.

Chumba changu hakikuwa na stima, na gramafoni yangu ilikula betri kama ng'ombe anavyokula majani. Mtaani kwetu betri ikichoka haikutupwa. Tuliianika juu ya bati, ikapigwa na jua mchana kutwa, na jioni ikafufuka kidogo. Ila huo ulikuwa mwezi wa saba, na yeyote aliyeishi Nakuru anajua jua la mwezi wa saba: linachungulia kama mdeni, halafu linajificha. Betri zangu zilirudi ndani baridi vilevile. Nikaweka santuri, na mpiga dramu akaanza kuimba.

Sijawahi kusikia huzuni kama ile. Sauti ilikuwa nzito, ikivuta kila neno kwa shida, na vyombo nyuma yake vikijikokota kama watu wanaotoka makaburini. Nikasema, kumbe. Hata yeye, na dunia nzima ikimjua, amekaa miaka yote akitazama migongo ya watu. Jioni baada ya jioni nilikula ugali wangu mbele ya ile gramafoni, na kwa mara ya kwanza tangu nije mjini nilihisi nina mgeni. Wimbo mmoja, wa mtu anayemwomba mwenzake asiondoke mapema, niliushika wote, pumzi kwa pumzi.

Kisha mwimbaji wetu akahamia Nairobi, kama waimbaji wote. Nikamwendea kiongozi wa bendi, mtu mzima aliyepiga gitaa tangu enzi za wakoloni na asiyeshangazwa na chochote.

"Wewe? Na dramu atapiga nani?"

"Ni wimbo mmoja tu, mzee. Hautaki dramu."

"Wimbo bila dramu ni matanga."

"Basi nipee matanga moja."

Akacheka bila kutaka. "Moja. Watu wakirudi kukalia viti, wewe unarudi nyuma, na hatutaongea hii maneno tena."

Kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo sikuyasikia vizuri, kwa hivyo nikaipeleka santuri dukani ili mzee anipigie kwa mashine ya stima. Sindano ilipogusa nikaruka. Mtu aliyekuwa anaimba alikuwa mchangamfu, sauti nyepesi, tarumbeta zikichezacheza pembeni yake. Hakuwa akimwomba mtu asiondoke, alikuwa akimtania.

"Mashine yako inakimbia," nikamwambia.

"Mashine iko sawa. Yako natumia nini?"

"Betri."

"Mpya?"

"Za kuanika."

"Betri choka, santuri natembea polepole," mzee akasema, akacheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, kwa sababu ungefanya nini, lakini nilitoka pale nimevunjika moyo kabisa. Kukosea kulikuwa jambo dogo. Nilichopoteza ni yule mgeni wangu. Mpiga dramu mashuhuri hakuwa mpweke hata kidogo. Alikuwa na marafiki, tarumbeta na mzaha. Ile huzuni yote niliyoisikiliza chumbani ilikuwa yangu, na mwenye kuimba alikuwa mimi tangu mwanzo. Nilijaribu kuuimba kwa mwendo wake halisi njiani kuelekea nyumbani, nikashindwa. Mazoea yana tabu. Nikaamua kuuimba kama nilivyoupata.

Jumamosi ikafika. Baada ya twisti kadhaa kiongozi akanifanyia ishara ya kidole, nikainuka kutoka nyuma ya dramu na kusimama mbele ya maikrofoni. Mikono sikujua niipeleke wapi; ikawa inapiga mapigo pajani bila ruhusa yangu. Yule mwanamke alikuwa mezani pake, na soda yake na mikoba ya wenzake. Nikaanza.

Hakuna aliyerudi kukaa. Hilo ndilo nililoambiwa nilichunge, na nilipoona wanabaki uwanjani nilifurahi kiasi cha kukaribia kusahau maneno. Kisha nikaona wanachofanya. Walikuwa wanasogeleana. Wimbo ulikuwa wa polepole kuliko kitu chochote bendi yetu iliwahi kupiga, na mtu hawezi kurusha miguu kwa mwendo ule. Anaweza tu kushika aliye karibu. Mashavu yakalazwa mabegani. Macho yakafumbwa, jozi baada ya jozi, na mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa nikiangalia visogo.

Mwanamume mmoja mwenye koti la kahawia akaenda mezani kwake na kunyoosha mkono kama wale wengine wote. Nilingoja mwanamke atikise kichwa. Akaweka mikoba juu ya kiti, taratibu, akainuka.

Niliendelea kuimba. Niliimba vizuri, hilo naweza kuapa. Sikuwahi kuimba vile tena. Walizunguka polepole mpaka wakafika chini ya jukwaa, karibu kiasi kwamba ningeinama ningemgusa bega. Alikuwa amefumba macho. Wimbo ukaisha, gitaa zikanyamaza, na hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.

Ndipo akainua uso kutoka kwenye lile koti na kuniangalia. Aliniangalia mimi, sawasawa, kwa macho yale niliyoyataka.

"Rudia hiyo," akasema. "Tafadhali."

Nikarudia.