Mfuko Uliobaki Jangwani

Kanisani kwetu, sisi wakimbizi wa Kongo, kile kipande cha ufuo tulikiita Jangwani, kwa sababu kilikuwa mchanga mtupu, bila mti wala duka, na hakuna aliyekitaka. Sote tulibatiziwa pale. Zamu yangu ilipofika, nikiwa na miaka kumi na tano, hoteli mpya ilikuwa imeshashuka mpaka mchangani na miavuli yake na kamba nyeupe. Tuliruka kamba. Ni mahali petu, tulidhani.

Desturi yetu ni kutia viatu, simu na makaratasi kwenye mfuko mmoja wa milia, na mama mzee mmoja anaulinda huku akiimba. Karatasi ya ukimbizi ya mama yangu ilikuwa humo. Haiachi nyumbani hata akienda kununua mkate, maana polisi akikuuliza nawe huna, wanakupakia garini.

Nilitoka majini macho yakiniwasha. Vigelegele vilianza, halafu vikakatika.

"Mfuko iko wapi?" mama aliuliza.

"Nilifunga macho tu, kwa maombi," mama mzee alisema.

"Maombi gani ya kufika mpaka Kongo na kurudi?"

"Si nilikuwa namuombea huyu mtoto wako?"

Mama alikaa chini mchangani. Nyayo za buti zilielekea hotelini. Yeye hakuweza kwenda kuuliza bila karatasi, na pasta anajua Kifaransa na Kiswahili tu. Wakanigeukia mimi, kwa sababu nasoma Kizulu, lugha ya wenyeji, shuleni. Mimi ambaye darasani najibu kwa kutikisa kichwa.

Nilienda na kanzu ya ubatizo imenigandama mwilini. Niseme kweli, nilitamani kukimbia na kumwacha mama pale. Mlinzi alikuwa getini, mfuko uko nyuma ya kiti chake. Nilimwamkia kwa Kizulu, macho chini. "Sawubona, baba."

"Kwenu wapi?"

"Pinetown."

"Sikuulizi unakolala."

Maji yalidondoka kwenye vigae vyake. Alisema bosi ameagiza kila kinachoachwa ndani ya kamba kiokotwe, na jioni kipelekwe polisi. Nilihisi mkojo unakuja.

"Umebatizwa leo?"

"Ndiyo, baba."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Sana."

Aliusukuma mfuko kwa buti. "Chukua. Waambie wasirudi. Nikiwaona tena, naita polisi."

Karatasi ilikuwamo, kavu. Mama aliibana kwapani mpaka tukapanda taxi, lile basi dogo la abiria, na hakuna aliyeimba njiani.

Walionifuata walibatizwa Clairwood, kwenye tangi la plastiki nyuma ya gereji ya malori. Mama anasema Mungu ni yuleyule. Lakini karatasi sasa anaivaa kifuani, ndani ya nailoni, na taxi ikipita mbele ya ile hoteli mimi nainama kama nafunga kamba za viatu, mpaka tuipite.