Sista Akinyi, Rangi Bado ni ya Buluu

Wambui wangu amesikia kengele ya baisikeli sasa hivi, akatambaa mbio mpaka mlangoni, akainua mikono abebwe. Kumbe ni muuza maziwa. Amebaki kizingitini, anamngoja Sista Akinyi ashuke.

Hata mimi Mama Wambui bado siamini, wanawake wenzangu mnaosoma ubao huu wa kliniki. Homa ya mapafu imemchukua nesi wetu, rafiki yangu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mkubwa, mzuri, na hakulia. Nikaambiwa mwenye ugonjwa wa sukari asijaribu tena. Akinyi akasema, "Nani amekwambia? Tutajaribu pamoja."

Dawa ya sindano ya kushusha sukari ilitoka Denmark, kwa mama daktari wa huko aliyekuja kumfundisha Akinyi. Daktari Mhindi wa Thika akaiweka kwa friji yake. Akinyi akaileta Ruiru kwa baisikeli. "Hii chupa imetembea kuliko chifu!"

Nilipopata mimba, kila asubuhi alipima mkojo wangu, anauchemsha na dawa kwa kichupa. Ukibaki buluu, hauna sukari, tunacheka. Siku moja ukageuka mwekundu kama tofali. Kesho yake tena.

Akamtazama mama mkwe wangu. "Mama, chai ya huyu ina nini?"

"Ati nimpe mjamzito chai bila sukari? Majirani waseme mimi ni mchoyo? Labda huko kwenu ziwani kwa samaki!"

Akinyi akacheka sana. "Huko kwetu kwa samaki, mama, nyanya ndiye hulinda mjukuu." Akampa kichupa akishike mwenyewe juu ya moto.

Rangi ikageuka nyekundu mbele ya macho yake. "Ngai, Mungu wangu! Kumbe ni mimi?"

Tangu siku hiyo sukari ilifichwa. Hata mchungaji alipotutembelea alikunywa chai bila, na akashukuru!

Mimba ilipokaribia kukomaa Akinyi akanipeleka hospitali ya Thika nizalishwe mapema, mtoto asizidi kuwa mkubwa. Yule mama wa Denmark na yule Mhindi wakasaidiana, Akinyi amenishika mkono. Wambui akalia wodi nzima ikaamka. "Huyu ni wa kwaya," Akinyi akasema.

Mwenye sukari na mimba, usijifiche nyumbani. Njoo. Dawa bado inakuja, madaktari bado wapo, na mama mkwe ndiye anayechemsha vichupa sasa, hataki mzaha.

Pumzika, dada yangu Akinyi. Umechoka kwa kazi nzuri. Wambui akikua nitamwambia ni wewe uliyemleta—

Ngojeni, mama mkwe ananiita jikoni, anampimia Njeri wa jirani, naye ana sukari na mimba: "Mama Wambui! Kuja uone! Ni buluu!" Naenda nikaone kwa macho yangu.